Triga Iliyokufa Bila Kuzikwa

Leo tuangalie kituko cha MySQL 5 kinachoweza kukukosesha usingizi.

Triga ni agizo ambalo hifadhidata hulitekeleza yenyewe data inapoguswa. Mwaka 2011 nilikuwa na mteja Kitisuru, muuza miche ya maua. Kila mche ulipouzwa, triga ilipunguza hesabu ya stoo. Siku moja diski ikaharibika, mafaili yakaokolewa nusu nusu. Nikaunda upya jedwali la mauzo, kisha triga yake. Jibu: kosa 1359, triga ipo tayari. Nikaamuru ifutwe: kosa 1360, triga haipo! Huku nyuma mauzo yanaendelea, stoo haipungui, na watu wanaahidiwa miche iliyokwisha.

Siri ni hii: MySQL 5 ilitunza triga katika mafaili mawili. La .TRG lilibeba maagizo ya jedwali, la .TRN lilibeba jina la triga. La kwanza lilipotea, la pili likabaki. Nikanakili kila kitu kwanza, nikasimamisha seva, nikalihamisha lile la .TRN nje ya folda. Triga ikakubali. Miche ikahesabiwa upya kwa mkono, kitalu kwa kitalu.

MySQL 8.0, iliyotoka 2018, iliachana na mafaili hayo na kuweka kila kitu katika kamusi moja ya data. Ukiwa bado na seva ya zamani, usitegemee kunakili mafaili. Tumia mysqldump: hutoa jedwali pamoja na triga zake.

Haya, kazi njema!