Jioni Kisiwani Comino

Kati ya Sisilia na pwani ya kaskazini ya Afrika, katika Bahari ya Mediteranea, vimekaa visiwa vya Malta. Ni nchi ndogo mno: eneo lake lote ni kilomita za mraba 316, na watu wake ni zaidi ya nusu milioni. Visiwa viwili ndivyo vikubwa, Malta yenyewe na Gozo. Baina yake, katika mlango wa bahari wenye upana wa kilomita kama tano, kuna kisiwa cha tatu ambacho eneo lake halifiki kilomita nne za mraba. Hicho ndicho Comino, au Kemmuna kwa lugha ya wenyeji. Yasemekana jina hilo limetokana na kiungo ambacho akina mama wa pwani yetu hukitia katika pilau, yaani bizari nyembamba, ambayo Waarabu huiita kamuni.

Nilifika Malta mwezi wa Juni kumtazama mpwa wangu, aliyekuwa akisoma katika Taasisi ya Kimataifa ya Sheria za Bahari. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1988, na wanasheria wa nchi zinazoendelea, wakiwamo wa Afrika Mashariki, huenda kusoma huko. Yeye ndiye aliyenizuia nisiende Comino mchana.

"Mjomba," aliniambia, "ukienda mchana utaona watu. Ukitaka kuona kisiwa, ngoja jioni."

LUGHA INAYOFAHAMIKA NUSU

Tuliondoka katika ghuba ya Mtakatifu Paulo saa kumi na moja na nusu, katika mashua ya mashine iliyochukua abiria kumi na wawili. Gatini zilikuwa zimefungwa mashua za wavuvi ziitwazo luzzu, zilizopakwa rangi ya manjano, nyekundu na samawati, na kila moja ina macho mawili omoni. Wenyeji husema macho hayo huilinda mashua na mabaya ya bahari. Aliyepata kuyatazama majahazi ya Lamu hatashangaa, kwani nayo hutiwa macho.

Mswahili akikaa Malta siku mbili tatu huanza kusikia maneno asiyoyatazamia. Waarabu waliitwaa Malta mwaka 870, na ijapokuwa utawala wao ulivunjwa na Wanormani tangu mwaka 1091, lugha ilibaki. Kimalta cha leo ni mtoto wa Kiarabu aliyelelewa na Waitalia na kuandikwa kwa herufi za Kirumi. Bahari huitwa baħar, dunia ni dinja, kitabu ni ktieb, na zama ni żmien. Katika kuhesabu, sita ni sitta, saba ni sebgħa na tisa ni disgħa. Na mtu akiagana na mwenziwe humwambia saħħa, maana yake afya, neno ambalo kwetu ni siha. Nahodha wetu, mtu wa Gozo mwenye umri wa miaka sitini hivi, alifurahi mno mpwa wangu alipomhesabia hivyo, akatuweka karibu na usukani hadi mwisho wa safari.

Tulipita mbele ya kisiwa kidogo chenye sanamu ya Mtume Paulo. Mapokeo ya Wamalta yasema hapo ndipo merikebu yake ilipovunjika, kama ilivyosimuliwa katika Matendo ya Mitume. Kisha tukaukabili mlango wa bahari. Tulipofika Comino ilikuwa imekwisha pita saa kumi na mbili, na jua bado lilikuwa juu. Sisi tuliozoea jua kutua saa kumi na mbili mwaka mzima, ni ajabu kulitazama likingali mbinguni saa mbili za usiku. Mwezi wa Juni huko halizami mpaka saa mbili na dakika kama ishirini.

MAJI NA WATU

Baina ya Comino na kisiwa kidogo kilicho ubavuni mwake kuna mahali paitwapo Blue Lagoon, na maji yake ndiyo yaliyokifanya kisiwa kijulikane duniani kote. Malta haina mto hata mmoja utiririkao mwaka mzima. Hakuna matope yanayobebwa kutoka bara, kama Mto Rufiji uyaletavyo katika bahari yetu. Mwamba wake ni wa chokaa, na chini ya maji mafupi kuna mchanga mweupe. Mwanga wa jua hupenya mpaka chini na kurudi juu, na mtu anayeogelea huonekana kana kwamba ananing'inia hewani.

Uzuri huo umekuwa mzigo. Mwaka 2024 watalii walioingia Malta walizidi milioni tatu na nusu, na wengi wao walitaka kupiga picha mahali hapo hapo. Merikebu kubwa zikawa zinashusha watu kwa mamia juu ya ukingo wa mwamba usiotosha hata soko la kijiji. Viti vya kukodisha na miavuli vikatanda pwani, hata mwenyeji asiyetaka kulipa akakosa pa kuweka taulo lake. Mwezi wa Mei 2022 vijana wa chama cha Moviment Graffitti walivuka bahari, wakaviondoa viti hivyo kwa mikono yao, wakidai kuwa pwani ni mali ya wananchi wote.

Serikali ilichukua hatua mwaka 2025. Siku iligawanywa katika zamu tatu, asubuhi, alasiri na jioni. Anayetaka kushuka Blue Lagoon ilimpasa ajiandikishe kwanza kwa intaneti, bila malipo, na alipofika alivishwa ukanda mkononi. Kikomo kiliwekwa: watu 4,000 kwa wakati mmoja. Msomaji aweza kudhani ni wachache. Naye na alinganishe na kisiwa ambacho wakazi wake wa kudumu huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Zamu ya jioni ndiyo iliyotupata sisi. Merikebu kubwa zilikuwa zinarejea Malta, mawimbi yake yakatikisa mashua yetu kwa muda, kisha bahari ikatulia. Watoto wawili wa familia ya Kiitalia waliruka majini. Wazee wawili wa Kijerumani wakabaki melini na mkate wao na zeituni. Mpwa wangu na mimi tukashuka pwani, tukashika njia ya kuelekea mnarani.

MNARA ULIOCHELEWA MIAKA MIA MBILI

Njia ni ya mawe na vumbi, na kandokando yake huota zaatari ya mwitu, hata nyayo zako huinua harufu nzuri kila unapokanyaga. Mwisho wake, juu ya genge, umesimama Mnara wa Mtakatifu Maria: jengo la mraba lenye kuta nene na kijinara katika kila pembe.

Hapo zamani mapango ya Comino yalikuwa maficho ya maharamia walioviziа vyombo vivukavyo kati ya Malta na Gozo. Katika karne ya 15 wananchi walimwomba mfalme wao, Alfonso wa Tano wa Aragon, ajenge mnara wa ulinzi. Kodi ya divai ikatozwa kwa ajili hiyo. Fedha zikapatikana, lakini mfalme akazitia katika hazina yake kwa matumizi mengine, na mnara haukujengwa. Mwaka 1551 manowari za Waturuki ziliishambulia Gozo, zikawachukua mateka karibu wakazi wote, watu wapatao 5,000, wakapelekwa Tripoli na kutiwa utumwani. Haki yatudai tuseme pia kwamba wanajeshi watawa wa Shirika la Mtakatifu Yohane, waliotawala Malta tangu mwaka 1530 hadi 1798, nao walikuwa na watumwa wao Waislamu, waliofungwa minyororo kuvuta makasia ya merikebu zao.

Mnara ulisimama hatimaye mwaka 1618, chini ya mkuu wa watawa hao, Alof de Wignacourt. Miaka mia mbili ilikuwa imepita tangu kodi ile itozwe. Sehemu ya gharama ililipwa kwa kuuza kuni za vichaka vya kisiwa chenyewe. Baadaye, wakati wa Waingereza, kisiwa kilitumika kuwatenga wagonjwa wa maradhi ya kuambukiza, kama Changuu ya Unguja ilivyopata kutumika.

Tulikaa chini ya ukuta tukaitazama Gozo upande mmoja na Malta upande wa pili. Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya mpwa wangu. Wengi wafikao Comino hawapandi mpaka hapa. Hurudi makwao wakiwa wameona maji ya samawati na migongo ya watu.

WENYE KISIWA WANARUDI

Tuliporudi chomboni jua lilikuwa limekaribia kuzama. Nahodha aling'oa nanga, akatupeleka taratibu upande wa magenge, akazima mashine. Akatuomba tuzime taa za simu na tusiinue sauti.

Juu ya maji, mbali kidogo, yalionekana makundi ya ndege weusi mgongoni na weupe tumboni, wameelea kama makapi. Kimalta huwaita garnija. Ndege huyu hukaa baharini maisha yake yote isipokuwa wakati wa kuzaa, na hutaga yai moja tu kwa mwaka, ndani ya mashimo ya magenge. Yakadiriwa kuwa mmoja katika kila kumi wa jamii yake duniani huzaa katika visiwa vya Malta, na Comino ni miongoni mwa makao yake. Haingii shimoni mchana kwa kuogopa adui. Husubiri majini mpaka giza liingie, ndipo aende kumlisha kinda wake.

Hatari zake ni mbili, na zote mbili huletwa na wageni. Ya kwanza ni mabaki ya chakula. Mifupa ya kuku na maganda ya mikate yaachwayo pwani hulisha panya, nao panya wakiongezeka hupanda magengeni kula mayai na makinda. Ya pili ni mwanga na kelele. Mwanga mkali humfanya ndege mzazi abaki baharini na kinda alale na njaa. Na kinda anayeruka kwa mara ya kwanza hufuata taa akidhani ni mwezi juu ya maji, akaanguka nchi kavu asikoweza kuinuka.

Tukiwa tumenyamaza hivyo, chombo kikubwa kilipita kati yetu na kisiwa, kikiwa na taa za rangi na ngoma iliyosikika mpaka kifuani. Makundi ya ndege yaliondoka majini yote kwa pamoja yakapotelea upande wa wazi wa bahari. Nahodha hakusema kitu kwa muda. Kisha akatueleza kuwa baharia wa chombo kile ni mtoto wa dada yake, na ana watoto watatu wa kusomesha.

Hapo ndipo ilipo shida yenyewe, wala si shida ya wabaya na wema. Familia nyingi za Malta na Gozo zimejengewa nyumba na bahari hii. Kila mara kikomo kinapopunguzwa, kuna mtu ambaye chombo chake hakijai. Na sasa mchana umepewa kikomo, tamaa ya kuijaza jioni ni kubwa, maana jioni ndiyo inayosifiwa kuwa tulivu. Lakini mchana una watu tu wa kugombana. Jioni ina wenyewe wanaorudi nyumbani. Utulivu ukiuzwa kwa kila anayeutaka, atakayekuja kesho hataukuta.

Nasi tuna visiwa vya namna hii. Chumbe, karibu na Unguja, ilihifadhiwa mwaka 1994, na nyumba za wageni zilizojengwa huko ni saba tu. Waliofanya hivyo waliweka hesabu kwanza, kisha wakawakaribisha wageni. Malta ilianza na wageni, na sasa inatafuta hesabu. Kutoa ni kugumu kuliko kutokuweka, hasa pale ambapo watu wamekwisha kuutegemea mlango huo kwa riziki.

Tulingoja kama nusu saa. Giza lilipokamilika tulisikia sauti zikirudi moja moja juu ya vichwa vyetu, sauti nyembamba kama ya mtoto anayelia nyumba ya mbali. Mtoto mdogo wa Kiitalia alimshika mama yake mkono, akauliza kwa kunong'ona ni nani anayelia. Nahodha alimjibu kwa Kiitalia kuwa hakuna anayelia, wanaitana tu wapate kujua mlango ni upi.

Atakayejaliwa kufika Malta na achague chombo kidogo, achukue nguo ya kujikinga na upepo, kwani bahari hupoa upesi baada ya magharibi, na viatu vya kupandia mawe. Ajiandikishe mapema. Alichokula, mabaki yake ayarudishe nayo. Na kabla ya kulipa nauli amwulize mwenye chombo swali moja: je, usiku ukiingia, taa zako huziwasha au huzizima?