Kompyuta Imegoma Baada ya Kuifungua? Rudi Kwenye Ulichogusa

Umezoea tukizungumza viwavijeshi na mbolea. Leo tuzungumze kompyuta, maana siku hizi vikundi vingi vinatunza hesabu humo, na mimi yamenikuta.

Msimu uliopita nilikuwa natunza orodha ya michango ya mbegu ya kikundi kimoja kwenye kompyuta yangu ya mezani nyumbani. Vumbi letu unalijua. Jumamosi nikafungua kava, nikapuliza kwa pampu ya baiskeli, nikachomoa vipande viwili vya RAM nikavifuta. Nikarudisha, nikawasha. Feni inazunguka, kompyuta inalia pi, pi, pi, kioo cheusi. Jumatatu kikundi kinakwenda kununua mbegu. Mama watoto akaniuliza, "Baba, na hela za watu je?" Sikuwa na jibu, wala nakala.

Nikampigia fundi mjini. Hata hajaiona, akasema bodi imeungua, ninunue nyingine.

Nikakumbuka ninachowaambia shambani: ukibadili mbegu, mbolea na dawa msimu mmoja, hutajua kipi kimekuharibia. Kompyuta iliwaka asubuhi. Basi kosa nilianze kulitafuta kwenye nilivyogusa, kimoja kimoja. Fanya hivi:

1. Chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 10 kumaliza umeme uliobaki. Gusa chuma cha kava kabla ya kugusa bodi, maana umeme tuli wa mwilini unaweza kuua vifaa.

2. Chomoa RAM, futa taratibu meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, rudisha kwa kukandamiza pande zote mpaka ikae sawa na vibanio vibane. Jaribu na kipande kimoja kwanza.

3. Kagua nyaya za umeme kwenye bodi: ule mpana, na ule mdogo wa pini 4 au 8 karibu na prosesa. Huo mdogo ukisahaulika, feni inaweza kuzunguka na picha isitoke.

4. Kama haishtuki kabisa, angalia swichi ya nyuma na waya mwembamba unaotoka kwenye kitufe cha mbele.

5. Ikishindikana, ukiwa umechomoa umeme, toa ile betri ya duara ya bodi, CR2032, subiri dakika chache, irudishe. Saa na tarehe utapanga upya.

Sanduku la umeme usilifungue kamwe. Hubaki na umeme hata likiwa limechomolewa.

Yangu ilikuwa RAM: upande mmoja haukuingia vizuri. Iliwaka saa nne usiku. Na hata isingewaka, kazi zako ziko kwenye diski. Fundi anaweza kuitoa na kuisoma kwa kompyuta nyingine, kwa hiyo usikubali kuitupa.

Jumatatu nikawaeleza kikundi. Mweka hazina akatoa kauntabuku kwenye mkoba: majina yote, kiasi chote. "Bwana shamba, mimi niliendelea kuandika." Na ni mimi niliyemwambia daftari limepitwa na wakati!

Sasa natunza orodha kompyuta, naweka nakala kwenye flashi kila Ijumaa, na kauntabuku linabaki kwake. Fedha ya watu usiiweke sehemu moja tu.