Alitoa hela ya nauli akanunua roboti la vita, mtoto akauliza swali moja tu

Kuna jamaa mmoja, Mbongo, anaishi Nottingham, Uingereza. Usiku anapanga mizigo ghalani, mchana analala, na Jumanne jioni ukimpigia simu hapokei. Hayuko baa, wala hana mchepuko. Yuko kwenye ukumbi wa kanisa, kainamia meza, mkono mmoja tepu ya fundi, mwingine dadu. Anapigana vita.

Vita yenyewe inaitwa Warhammer 40,000. Kwa wasioijua, ni mchezo wa mezani ulioanza 1987, unaochezwa kwa vijisanamu vya plastiki. Unanunua vipande, unavikata, unaviunga kwa gundi, unavipaka rangi kwa brashi nyembamba kama kope, halafu unakutana na mwenzako. Tepu inaonyesha askari wako wafike wapi, dadu zinaamua nani kapigwa. Games Workshop, kampuni inayoutengeneza, ilianza 1975 na makao yake makuu yako hapohapo Nottingham. Na usidhani ni mambo ya watoto. Henry Cavill, yule aliyecheza Superman, ni mgonjwa wa mchezo huu na wala hafichi. Desemba 2024 kampuni hiyo iliingia kwenye orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London. Si mchezo!

Jeshi la jamaa yetu ni Astra Militarum. Kwenye hadithi ya mchezo hao ni binadamu wa kawaida tu, wamevaa kofia zao, wana bunduki zao na vifaru vyao. Nguvu yao ni wingi, na amri. Ofisa akitoa amri, kikosi kinakimbia zaidi au kinalenga vizuri zaidi. Kila askari ana kimo cha kama sentimita 3. Jamaa aliwapaka rangi kwa majira mawili ya baridi, na hakuwapaka peke yake. Binti yake wa miaka saba alipewa kazi ya viatu. Mtoto alikaa mezani na rangi ya kahawia, ulimi umetoka nje kidogo, kiatu baada ya kiatu. Vingine vilimwagika rangi hadi magotini. Baba mtu hakurekebisha hata kimoja.

Shida ilikuwa ni mzee mmoja wa Kiingereza, dereva wa basi mstaafu, mwenye jeshi la Orki, majitu ya kijani yasiyo na adabu. Kila Jumanne mzee anashinda. Anashinda kwa tabasamu, anamnunulia jamaa chai, anamwambia wiki ijayo utaniweza. Wiki ijayo anashinda tena.

Ndipo jamaa akaanza kumwota Imperial Knight.

Hilo ni roboti kubwa la vita, lina miguu miwili, na ndani anakaa rubani mmoja. Seti yake ya plastiki ilitoka 2014. Lina kimo cha zaidi ya sentimita 15, ukiliweka karibu na askari wa kawaida wanalifika miguuni tu. Askari mmoja anakufa kwa jeraha moja. Hili linavumilia zaidi ya 20. Na sheria za toleo la kumi la mchezo, lililotoka 2023, zilisema jeshi lolote la upande wa Imperium linaweza kuazima Knight mmoja mkubwa, au wale wadogo hadi watatu. Anakuja kama mshirika, mpiganaji aliyeachana na ukoo wake na anayetembea peke yake.

Tatizo bei. Seti mpya ni zaidi ya pauni 100. Na pale nyumbani, juu ya kabati, kulikuwa na kopo la nauli. Familia ilikuwa inadunduliza kwenda Morogoro kumwona bibi, mama yake jamaa, ambaye miguu imeanza kumsumbua na mjukuu huyo hajawahi kumshika. Mama watoto anafanya kazi ya kuhudumia wazee, na kila zamu ya ziada anatumbukiza noti koponi.

Siku hiyo mama watoto yuko kazini. Jamaa akapanda kiti.

Alijiambia atarudisha mwisho wa mwezi. Wote tunajua hiyo lugha.

Roboti likajengwa usiku, likapuliziwa rangi nyeusi kule uani, likafichwa nyuma ya ubao wa kupigia pasi. Halafu ikaja hesabu. Mechi ya kawaida kila mtu ana pointi 2,000, na kila kitu kina bei yake ya pointi. Knight mmoja alikuwa anakula kama 400. Maana yake kuna watu wanabaki nyumbani. Jamaa akatoa kifaru kimoja, na vikosi vinne vya askari kumi kumi. Akawarudisha kwenye boksi, akafunga.

Jumanne ya kwanza ilikuwa sherehe. Roboti lilivuka meza na msumeno wake, Orki wanaruka kama bisi. Mzee hakuwa amejiandaa. Jamaa akashinda, akarudi na tramu anacheka peke yake kama kichaa.

Jumanne ya pili mzee alikuja na silaha za kutobolea vifaru. Jumanne ya tatu hakuja hata na hizo. Alikuja na akili.

Mchezo huu haushindwi kwa kuua tu. Kuna vituo vimetawanywa mezani, mara nyingi vitano, na mnagombea kuvishika kwa raundi tano. Mzee alijificha nyuma ya magofu marefu. Roboti linaruka watu na vikuta vifupi, lakini ukuta mrefu halipiti, na kitako chake kipana kiligoma kuingia kati ya gofu na gofu. Likabaki limesimama pale, zuri, kubwa, halina wa kumpiga. Upande wa pili Orki wanashika kituo kimoja, cha pili, cha tatu. Wa kuwazuia hayupo. Yuko kwenye boksi nyumbani.

Ofisa wa jamaa hakuwa na la kufanya. Amri zake zinawafikia askari wake, mshirika hazimhusu. Kwa sheria hiyohiyo mgeni huyo hawezi hata kuwa jemadari wa jeshi. Anakuja na nguvu zake, anapigana anavyojua, basi.

Raundi ya nne mzee akalizingira. Roboti likaanguka. Linapokufa unarusha dadu moja, na ikitoka sita linalipuka na kuwaumiza wote walio karibu, wako na wa mwenzako. Ikatoka sita. Kikosi cha mwisho kilichobaki kati ya meza kikafutika.

Jamaa alifika nyumbani saa nne usiku. Binti hakuwa amelala. Alikuwa sebuleni na lile boksi, amelifungua, amewapanga askari 40 kwenye zulia, mistari minne.

"Baba, hawa umewaacha kwa nini? Viatu vyao vibaya?"

Mama watoto alitokea jikoni na kitambaa mkononi. Akamwangalia mumewe, akaangalia mfuko, mguu wa roboti umechomoza.

"Baba nanii, hiyo kitu bei gani?"

Jamaa akataja.

"Umetoa wapi?"

Akanyamaza. Mama watoto akatazama juu ya kabati. Hakupiga kelele, na wanaume mnajua ukimya wa namna hiyo unavyotisha. Alisema kitu kimoja tu, polepole: "Mama yako alinipigia leo. Kauliza tunakuja lini. Nikamwambia pesa inakaribia kutimia."

Usiku ule jamaa hakulala.

Asubuhi aliomba zamu za Jumamosi mbili, zile ambazo kila mtu ghalani anazikwepa. Akazipiga zote. Alirudisha noti koponi mbele ya mkewe, moja moja, akaongeza pauni 20 za faini aliyojipiga mwenyewe. Akasema yuko tayari kuliuza na roboti.

Mama watoto akakataa. "Ukiuza utapata nusu, na utabaki unanuna hapa ndani. Ila ukitaka kupanda kile kiti tena, uniite nikushikie."

Kwa hiyo roboti lipo. Lakini jeshi limepangwa upya. Vifaru viwili vimekaa benchi, wale askari 40 wamerudi mezani kwenye vituo, na roboti linasimama karibu nao kuwalinda badala ya kukimbilia sifa mbali. Binti alitoa sharti lake: mgeni naye apakwe viatu. Miguu yote miwili ya chuma sasa ni ya kahawia, na rangi imepanda hadi magotini.

Jumanne iliyopita jamaa alifungwa tena na mzee, kwa tofauti ndogo sana. Mzee aliliangalia roboti, akaangalia miguu yake, akauliza fundi ni nani. Akaambiwa. Akasema huyo mtoto aje siku moja, chai juu yake.

Kopo bado halijajaa. Bibi Morogoro bado anasubiri.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kuna wanaosema mama watoto kamwachia jamaa kirahisi mno, hela ya kwenda kumwona mzazi haiguswi hata kwa kuazima. Wengine wanasema mwanaume anayefanya kazi usiku kucha anastahili starehe yake moja, kosa lilikuwa kuficha tu. Wewe ungekuwa mama watoto, lile roboti lingebaki ndani? Tiririka hapo chini.