Mwalimu Aliyeketi Nyuma

Wengi mmetuuliza habari za safari yetu ya Malawi, sisi watu sita tuliotumwa na usharika kuwatumikia ndugu wakimbizi muda wa siku 8. Tuliporudi tulisimulia kanisani habari za njia na za ibada. Lakini liko neno moja tulilolificha, nalo ndilo tunaloliandika leo, maana halituachi.

Tulivuka mto Songwe pale Kasumulu. Ng'ambo twalisikia Wangonde wakiamkiana, na mwenzetu Mnyakyusa akawajibu bila shida, maana lugha zao ni karibu moja. Tukashika njia ya Karonga na Mzuzu, ziwa likiwa kushoto kwetu, hata tukafika wilaya ya Dowa, iliko kambi ya Dzaleka. Hapo zamani palikuwa gereza. Mwaka 1994 pakafanywa makao ya wakimbizi. Palikusudiwa watu kama 10,000 hivi, walakini kufikia mwaka 2023 walikuwa wamepita 50,000, wengi wao Wakongo, pamoja na Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili chasikika huko kila upande. Tukasema mioyoni, Kazi hii itakuwa nyepesi.

Siku ya pili tulipewa kuwafundisha watoto. Tuliwakuta wamekwisha kuketi kwa safu, na mbele yao mwalimu wao, mtu wa makamo aliyetoka Kivu ya Kusini, amevaa koti lililofuliwa hata rangi imetoka. Mkononi alishika kipande cha Biblia kisicho na jalada. Vipande vingine vitatu vya Biblia ile ile vilikuwa kwa waalimu wenziwe, nao hubadilishana kila Jumapili. Alitusalimu kwa heshima, akatupisha, akaenda kuketi nyuma juu ya tofali.

Basi tukafundisha. Tulikuwa na picha za rangi, tukasimulia habari za Yusufu. Watoto walijibu hata yale tusiyokuwa tumeyafikia. Tena tuliona kwamba kila mtoto tuliyemwuliza aligeuka kwanza, akamtazama yule aliyeketi nyuma, ndipo akajibu. Tuliliona jambo hilo, wala hatukulifikiri. Kesho yake tukafanya vile vile, na kesho kutwa yake, wala mwalimu hatukumwuliza hata jina lake.

Jioni ya siku ya tano mama mmoja mzee alitukaribisha kwake, akatupa ugali na maharagwe. Tulipoinuka kuaga tulimwambia, "Mama, mwaka ujao tutarudi."

Akacheka kidogo, akasema, "Wanangu, msiseme hivyo. Waliotuambia hivyo ni wengi, na watoto huhesabu. Semeni tu kwamba mlikuja, yatosha. Na yule mwalimu wetu, amewakosea nini, hata mkamnyang'anya watoto wake siku zote hizi?"

Hatukuwa na jibu. Usiku ule usingizi ulikawia. Sisi nasi tu makatekista, twajua mambo ya mgeni. Akija, twampisha kwa adabu. Akiisha kwenda, twabaki kukusanya alivyovitawanya. Tulitendewa hivyo kwetu, tukanung'unika. Sasa tumewatendea wenzetu, tukaita utumishi.

Kulipokucha tulimwendea, tukamwambia, "Mwalimu, tumekukosea. Utusamehe."

Akajibu, "Mgeni hafukuzwi mbele. Lakini leo nitafundisha mwenyewe."

Tukaketi nyuma. Alirudia habari za Yusufu, ila alianza pale tulipopapita mbio: Yusufu anapowauliza ndugu zake kama baba yao mzee angali hai. Akawauliza watoto, "Nani ana mtu wake asiyejua kama angali hai?" Mikono ikainuka mingi. Naye akawaita mmoja mmoja: wewe, shangazi yako, wewe, kaka yako mkubwa, wewe, baba yako, akiwataja watu wale kwa majina yao. Kisha wakawaombea. Sisi hatukujua hata jina moja.

Baadaye tulileta sindano na uzi, tukataka kuishona Biblia ile. Akatuzuia: "Mkiishona, atasoma mmoja, na watatu watakaa bure." Ndipo tukatoa Biblia zetu sita, tukamwachia. Akacheka, akasema, "Sasa yaweza kushonwa."

Ndugu zangu, katika nchi hiyo hiyo ya Malawi alifika mwaka 1876 William Koyi, mwinjilisti Mxhosa kutoka Afrika ya Kusini, akawatumikia Wangoni hata alipofariki mwaka 1886. Yeye alitoa miaka 10. Sisi tulitoa siku 8. Kutoa siku chache si dhambi, maana si kila mtu awezaye kuacha nyumba yake na shamba lake. Lakini mtu wa siku chache imempasa aketi nyuma ya yule abakiye.

Kwa hiyo, waalimu, na ninyi wazazi mnaowatuma vijana wenu, mkifika ugenini ulizeni kwanza: Kazi hii ilikuwa ya nani kabla yetu, na itakuwa ya nani tukiisha kwenda? Mkimpata mtu huyo, mwulizeni jina lake, na kazi anayotaka mmfanyie.

Siku ya kuondoka mama yule alikuja kutuaga. Hatukusema kwamba tutarudi. Tulisema, "Mama, tulikuja." Akatushika mikono.

Mwombeeni mwalimu yule na watoto wake. Nasi tuombeeni.