Usikimbilie Kupiga Windows

Isevya, Tabora

Mwanangu mpendwa,

Bibi yako anakuulizia kila siku. Nimepata ujumbe wako kwamba ile kompyuta ya mezani uliyonunua imeanza kuganda, kwamba juzi ilikwama ukiwa katikati ya kuchapa mtihani wa kidato cha pili, na kwamba fundi wa huko Urambo amekwambia umpelekee apige Windows, yaani aifute na kuiweka upya. Nakuomba usiipeleke bado. Nisikilize kwanza shangazi yako, maana miaka yangu ya ukatibu muhtasi nimeishi na mashine hizi, na hadi leo hesabu za kikundi chetu cha VICOBA ziko kwenye kompyuta hapa sebuleni.

Kupiga Windows kuna siku yake. Lakini mafundi wengi wanaanza na hapo kwa sababu ni kazi wanayoijua na malipo yake yanajulikana, hata kama tatizo liko kwenye feni au kwenye waya wa umeme. Utalipa, mashine itakwenda vizuri siku chache, halafu itaganda vilevile. Na ukimwachia bila kunakili vitu vyako, vinaweza kwenda na maji. Mama mmoja wa kikundi chetu alipeleka ya kwake ikiwa nzito tu, haijafa. Ilirudi nyepesi kweli, lakini picha za marehemu mumewe hazikuwemo tena, na hakuwa nazo mahali pengine popote. Fundi alimjibu kwamba hakuambiwa azihifadhi. Mpaka leo jambo lile linaniuma.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu chochote, nakili. Chukua flashi mpya, weka mitihani, alama za wanafunzi, picha na barua zako. Isiwe ile flashi unayokwenda nayo kwenye maduka ya kuchapisha. Flashi ya namna hiyo huingia kwenye kompyuta za watu wengi na kurudi na virusi, na wewe ni mwalimu: maswali ya mtihani hayafai kuzurura mtaani.

Baada ya hapo tafuta daftari. Kila ikiganda andika saa, ulikuwa unafanya nini, na ilikuwa imewashwa kwa muda gani. Usilidharau daftari hilo, ndilo litakalokuonyesha pa kuanzia. Ikiganda baada ya kuwaka saa moja au mbili, hasa mchana, shuku joto. Ikiganda jioni taa zinapofifia, shuku umeme. Ikiganda kila unapofungua mambo mengi kwa pamoja, imezidiwa. Ikiganda huku boksi linatoa mlio wa tik, tik, tik, diski inakufa, na hapo acha kila kitu uokoe faili zako.

Na ikiganda usikimbilie kuchomoa waya. Subiri kama dakika tano, maana pengine inamalizia kazi. Kisha bonyeza Caps Lock uangalie kitaa chake kwenye kibodi. Kikiwaka na kuzima kwa kufuata kidole chako, mashine ingali hai, iliyokwama ni programu moja. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka orodha ya programu zinazofanya kazi. Chagua ile iliyokwama uifunge. Kitaa kikikataa kabisa na mshale hausogei, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie mpaka izime, kama sekunde kumi hivi. Hiyo iwe hatua ya mwisho, kwa sababu kuzima kwa nguvu mara kwa mara nako kunaharibu faili za Windows.

Sasa joto, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu huku kwetu ndiko ninakoanzia kila ninapoitwa na jirani. Unaijua Septemba na Oktoba ya Tabora: jua kali, mvua bado, na kila bodaboda inayopita inaacha vumbi linaloingia mpaka kwenye masufuria. Vumbi hilohilo linavutwa na feni ndani ya boksi la CPU na kushikamana na mapezi ya chuma yanayopoza prosesa. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe, na likizidi mashine huganda au huzimika ili isiungue. Juzi nilifungua ya jirani yangu, nikakuta vumbi limejisuka kama kipande cha blanketi la kijivu, limeziba nafasi zote chini ya feni. Alikuwa amekwishaambiwa anunue kompyuta nyingine.

Kisha kuna kile kitambaa cha kudarizi. Najua mama yako alikupa kimoja kizuri, nacho ni heshima ya nyumba. Kifunike kompyuta ikiwa imezimwa na imepoa tu. Ikiwaka, kiondoe, na boksi lenyewe lisukume mbele walau shibiri moja kutoka ukutani ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Lisikae sakafuni kwenye vumbi, wala juani karibu na dirisha.

Kusafisha unaweza mwenyewe. Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua ubavu wa boksi. Gusa chuma cha boksi kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu umeme tuli wa mwilini huharibu vipande vya ndani. Tumia brashi laini na pampu ya kupulizia hewa, na uizuie feni kwa kidole isizunguke unapoipuliza. Kitambaa kibichi, hapana. Lile boksi dogo la chuma linaloingiwa na waya wa umeme usilifungue kamwe, linaweza kukupiga shoti hata likiwa limechomolewa. Kama mashine ni ya miaka mingi, ile dawa ya kijivu kati ya prosesa na kipozeo huwa imekauka. Hiyo mwachie fundi aipake upya, ni kazi ndogo.

Umeme nao. Usichomeke kompyuta kwenye ekstensheni moja na friji au pasi. Ukiweza kujichanga, nunua UPS, ikupe dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu umeme ukikatika.

Ukikuta joto na umeme havina kosa, tazama mzigo. Wazee wetu wapagazi wa Kinyamwezi walibeba kama frasila mbili kila mmoja, karibu kilo 32, kutoka hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo, na hakuna kiongozi wa msafara mwenye akili aliyemtwika mtu mmoja frasila nne kisha akashangaa kwa nini amekaa chini. RAM ya GB 4 ni mpagazi wa namna hiyo. Ukimfungulia kurasa ishirini za intaneti, WhatsApp, muziki na mtihani kwa pamoja, kumbukumbu inajaa, mashine inaanza kuhamishia mzigo kwenye diski, na diski ya zamani inayozunguka haiwezi kasi hiyo. Kwenye ile orodha ya Ctrl, Shift na Esc utaona diski imefika asilimia 100 na imeng'ang'ania hapo. Funga usivyovitumia. Sehemu iliyoandikwa Startup, zima programu zinazojiwasha zenyewe bila kazi. Kwenye diski C acha nafasi tupu, walau asilimia 15. Na ukiwa na programu mbili za kuzuia virusi, ondoa moja, zinagombana. Ile inayokuja na Windows inatosha ukiiacha ijisasishe.

Ukipata fedha, usinunue kompyuta nyingine. Ongeza RAM ifike GB 8 na badilisha diski uweke SSD, ile isiyozunguka. Kwa mashine nyingi za mtumba, SSD peke yake huleta tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote. Hapo ndipo kupiga Windows kunapokuwa na maana, kwa sababu diski ni mpya. Muulize fundi anaweka toleo gani: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali kila prosesa ya zamani.

Siku ya kwenda kwa fundi nenda na daftari lako. Andika kabla ya kutoka nyumbani RAM ni GB ngapi na diski ni ya ukubwa gani, uhakikishe vimerudi vilevile. Kaa hapo akifungua, muulize anachofanya, na diski ya zamani rudi nayo nyumbani hata akikwambia haina kazi. Fundi mwaminifu hatachukia, na wapo wengi. Tena mlipe vizuri aliyekueleza ukweli, hata kama alichofanya ni kupuliza vumbi tu.

Mambo mengine yote yanaweza kusubiri Jumamosi. Kunakili kusisubiri. Fanya leo usiku kabla hujalala, kisha fungua hiyo flashi kwenye kompyuta ya shule uone kwamba faili zinafunguka kweli. Ukimaliza nipigie, hata ikiwa usiku sana.

Akupendaye,
Shangazi yako