Kiti cha Pweza cha Watamu
Bahari ikikupwa Watamu, katika hifadhi iliyotengwa mwaka 1968, twakikuta kiti cha pweza kimetulia dimbwini. Hakina kichwa wala ubongo. Chatembea kwa vijimiguu vingi visukumwavyo na maji. Hata hivyo, wataalamu wa elimu ya viumbe wamekiweka, pamoja na jongoo bahari, karibu zaidi na wenye uti wa mgongo, yaani samaki na sisi wanadamu, kuliko na pweza mwenyewe: katika kiinitete chao tundu la kwanza huwa njia ya haja, kinywa kikafuata baadaye. Subhanallah! Wazazi wenzetu, tuwakanye watoto wasikitoe majini kukichezea. Nje ya maji hukosa pumzi, kikafa. Nacho ni kiumbe cha Mola, kina haki yake kwetu.