Usiku tulioenda kumsikiliza komba

Mwanangu ana miaka tisa. Mwezi uliopita, kwenye shughuli ya familia hapa Kariakoo, alimsikia mzee mmoja akisema marehemu babu yake alikuwa "mlevi kama komba". Usiku akaniuliza, "Mama, komba ni nini?" Nikamjibu ni mnyama tu, alale.

Swali lile halikunitoka. Jumamosi moja nikamchukua hadi msitu wa Pugu, Kisarawe, kilomita zipatazo 25 kutoka mjini. Giza lilipoingia, mwongozaji wetu akatuambia tuzime tochi na tunyamaze.

Tukasikia wadudu. Kisha juu ya miti kikatoka kilio kikali kama cha mtoto mchanga. Mwanangu akanishika mkono. "Huyo ni komba mkubwa," mwongozaji akanong'ona. Akatueleza kuwa humo yumo pia komba wa Rondo, mdogo sana, uzito wake kama gramu 60 tu. Komba wadogo wanafanana mno, hivyo watafiti huwatofautisha kwa milio yao.

Hapo nikamkumbuka baba. Utotoni tulikuwa tukilala macho, tukisikiliza akija uchochoroni. Akija anaimba, tulijua amekunywa kidogo, tutacheka naye. Akija anafoka na kugonga milango ya watu, tulizima koroboi na kujifanya tumelala. Tulimjua kwa sauti kabla hatujamwona.

"Mama, kweli komba anakunywa pombe?"

Nikamwambia: wagema husema komba hupanda minazi usiku na kunywa tembo kwenye vibuyu vyao. Ndiyo maana watu wanasema hivyo.

"Na babu?"

"Babu naye alikunywa, mwanangu. Alikuwa akitutisha. Lakini siku nyingine alikuwa akituimbia mpaka tunasinzia."

Akanyamaza kidogo. "Mbona siku ile hukuniambia?"

Sikuwa na jibu. Sisi wazazi tunadhani tukinyamaza tumewakinga watoto, kumbe wanabaki gizani wakisikiliza, kama tulivyokuwa tukisikiliza sisi. Na wakikosa kusikia kwetu, watasikia kwa mtu wa shughulini.

Wakati wa kurudi aliniomba nimwimbie wimbo wa babu. Niliukumbuka nusu tu, nikamwimbia hiyo nusu.